Bunduki ya mbogo haitaki darubini kubwa: chunga jicho, chunga na mfuko

UKIKUTANA na mtu mzima ana kovu la mwezi mchanga juu ya jicho la kulia, usikimbilie kudhani alipigwa chupa baa. Muulize kwanza kama anawinda. Huenda kovu lile alipewa na darubini yake mwenyewe, tena aliyoinunua kwa hela yake, akaifunga kwa mkono wake na kufyatua kwa kidole chake.

Wawindaji wenyewe wakionyeshana makovu hayo hucheka. Lakini msomaji, hilo si la kuchekesha sana ukifikiria kwamba pembeni ya kovu kuna jicho. Na sehemu ya pili haichekeshi kabisa: darubini iliyompiga mtu usoni leo ndiyo itakayomfanya afumbe macho kesho kabla risasi haijatoka, na mbogo aliyepigwa na mtu aliyefumba macho hafi. Anajeruhiwa, anaingia kichakani, anakaa akisubiri.

Wiki hii basi tunaingia porini kidogo. Tutazungumza na wale wenye leseni ya silaha na kibali cha kuwinda, ambao wana bunduki inayopiga teke la punda na mfuko usioruhusu darubini ya bei ya gari. (Wa Kenya mtatuwia radhi, kwenu uwindaji wa wanyama ulipigwa marufuku mwaka 1977. Lakini binamu zenu wa huku bado wanatuuliza.)

TEKE LENYEWE LINA NGUVU GANI?

Kwa mbogo, tembo na wenzao, kanuni za Tanzania zinataka bunduki isiyopungua kipenyo cha .375. Maarufu kuliko zote ni .375 Holland & Holland Magnum, risasi iliyotolewa na wale mafundi wa London mwaka 1912 na mpaka leo haijapata wa kuiondoa porini. Juu yake wapo akina .416 Rigby ya 1911 na .458 Winchester Magnum ya 1956.

Sasa fanya hesabu. Bunduki ya .375 yenye kilo nne na nusu inarusha risasi ya gramu 19 hivi kwa kasi ya mita 770 kwa sekunde au pungufu kidogo. Risasi ikienda mbele, bunduki inarudi nyuma. Inarudi kwa kasi ya karibu mita 5 kwa sekunde, yaani kama kilomita 18 kwa saa. Hiyo ni kasi ya kijana anayekanyaga baiskeli kwa bidii. Na kasi yote hiyo inapatikana ndani ya muda mfupi kuliko kupepesa jicho.

Ukilinganisha na .30-06, ambayo wengi tumeizoea kwa swala na pofu, .375 inapiga teke karibu mara mbili. Hiyo .458 ni karibu mara tatu. Kwa hiyo yule rafiki anayekuambia "mimi darubini yangu ya bei poa ina miaka kumi haijaniletea taabu", muulize imefungwa kwenye bunduki gani. Akikujibu .22, mpe soda yake aende.

KWANZA KABISA: NAFASI YA JICHO

Kila darubini ya bunduki ina umbali wake ambao jicho lazima likae nyuma ya kioo ili uone picha nzima bila kiza pembeni. Hiyo tuiite nafasi ya jicho. Darubini nyingi za kawaida zina milimita 75 mpaka 85. Kwa bunduki ndogo inatosha. Kwa .375 na kwenda juu, usikubali chini ya milimita 90, na ukipata 100 shukuru Mungu.

Hapo kuna mtego ambao wauzaji hawausemi. Darubini inayobadilisha ukuzaji, mara nyingi nafasi ya jicho hupungua kadiri unavyokuza. Kwenye kasha wanaandika namba kubwa, ile ya ukuzaji mdogo. Wewe omba namba zote mbili, ya chini na ya juu, na uamue kwa ile ndogo.

Kama hakuna karatasi, pima mwenyewe dukani. Elekeza darubini nje kwenye mwanga (sio kwenye jua, utaunguza kitu), weka karatasi nyeupe nyuma ya kioo cha jicho, kisha isogeze taratibu kwenda nyuma. Utaona kiduara cha mwanga kinapungua, kinapungua, mpaka kinakuwa kidogo na chenye kingo kali. Kikizidi hapo kinaanza kutanuka tena. Pima kwa rula toka kwenye kioo mpaka hapo kilipokuwa kikali. Hiyo ndiyo nafasi ya jicho, na muuzaji hawezi kukupiga chenga.

Wenye miwani ongezeni hesabu, maana kioo cha miwani nacho kinakula nafasi. Na kila mtu akumbuke kwamba makovu mengi hayapatikani ukiwa umesimama. Yanapatikana ukilala kifudifudi, ukijibana mezani kwenye shabaha, au ukipiga kuelekea mlimani, kwa sababu mkao huo unausogeza uso mbele bila wewe kujua.

KUKUZA SANA NI UGONJWA

Ukimpeleka Mswahili dukani na kumwonyesha darubini mbili za bei moja, moja inakuza mara 4 na nyingine mara 16, atachukua ya 16. Anaona kapata zaidi. Jamani, hapa tunanunua kitu cha kumwona mbogo aliye karibu, hatutafuti mwezi umeandama au la.

Mbogo wengi hupigwa chini ya mita 100, na aliyejeruhiwa unaweza kukutana naye kwa mita 20 au chini ya hapo. Tuchukue ile darubini inayopendwa kuliko zote duniani, ya mara 3 mpaka 9. Ukiiweka kwenye 9, kwa umbali wa mita 100 unaona upana usiofika mita 5. Kwa mita 20 basi hata mita 1 haifiki. Mbogo dume ana urefu wa mita mbili na zaidi toka pua mpaka makalio, na uzito unaoweza kupita kilo 700. Ukichungulia unaona nywele nyeusi tu. Ni bega? Ni tumbo? Anakuja au anaondoka? Huo sio wakati wa kubahatisha.

Darubini ya mara 1.5 ikiwa kwenye ukuzaji wake wa chini, kwa mita hizo hizo 20 inakupa upana wa karibu mita 5. Unamwona mbogo mzima, mti alioegemea na jike lililosimama nyuma yake. Hilo la jike ni muhimu, kwani risasi ya .375 inaweza kutoboa upande wa pili ikampata usiyemkusudia.

Kwa hiyo tafuta yenye namba hizi: 1 mpaka 4, 1.5 mpaka 4, 1.5 mpaka 5, au 1 mpaka 6 mfuko ukiruhusu. Ile ya mara 2 mpaka 7 inakubalika kwa mtu ambaye bunduki moja ndiyo ya swala na ndiyo ya mbogo. Hata darubini isiyobadilika, ya mara 2 na nusu, inafanya kazi vizuri sana. Ina vipande vichache vya kuachia, na ukiipata ya mkono wa pili kwa mtu unayemjua, hapo umepata.

JIONI JE?

Hapa ndipo utasikia: "Lakini kioo kidogo hakioni magharibi." Twende taratibu.

Chukua upana wa kioo cha mbele kwa milimita, gawanya kwa ukuzaji. Jibu ni upana wa mwanga unaolifikia jicho. Darubini ya kioo cha milimita 20 ikikuza mara 4 inatoa milimita 5. Ikikuza mara 1.5 inatoa 13. Ile ya mbwembwe yenye kioo cha milimita 50, ikikuza mara 9, inatoa 5 na nusu tu. Mboni ya jicho la kijana gizani hufunguka mpaka milimita 7 hivi, na ya mtu mzima inaweza isizidi 5. Mwanga unaozidi hapo unamwagika kama maji kwenye ndoo iliyojaa.

Unaona basi? Ile ndogo ya bei nafuu haipitwi sana magharibi, mradi lenzi zake ni safi na zimepakwa dawa ya kuzuia mng'ao. Tena haina kichwa kikubwa mbele, inakaa chini karibu na mtutu, na shavu linabaki kwenye kitako kama linavyotakiwa. Kioo cha milimita 50 kinakulazimisha uifunge juu, shavu linaning'inia, na uso unaoning'inia ndio unaopigwa.

Kuhusu msalaba wa ndani, chagua wenye mistari minene pembeni na mwembamba katikati. Leupold wa Marekani waliutoa wa namna hiyo mwaka 1962 na karibu kila kiwanda kimeiga. Mstari mwembamba mtupu kwenye ngozi nyeusi kivulini, lakini wapi! Huuoni.

UIMARA HAUONEKANI KWA NJE

Ndani ya darubini kuna kibomba kidogo kilichobeba lenzi na kushikwa na springi. Ukizungusha vifundo vya kurekebisha, ndicho unachokisogeza. Kwenye darubini dhaifu, risasi kumi za .375 zinatosha kukilegeza. Kwa nje inameta kama jana, ila leo risasi zinaangukia kulia, kesho kushoto. Mtu anaanza kulaumu risasi, anamlaumu fundi, wengine wanamlaumu hata jirani.

Mambo matatu yatakusaidia kuchagua.

La kwanza ni uzito. Darubini nzito ikirudishwa nyuma ghafla inavuta skrubu zake kwa nguvu zaidi. Ya gramu 700 inavuta zaidi ya mara mbili ya ile ya gramu 300. Hizi ndogo za mara 1.5 mpaka 4 nyingi ziko karibu na gramu 300, na huo ni uimara unaoupata bila kuongeza hata senti.

La pili ni maji na ukungu. Tangu mwaka 1947, Leupold walipoanza kujaza gesi ya naitrojeni ndani ya darubini zao, hakuna sababu ya mtu kununua isiyojazwa. Kama kasha halisemi kwamba imezibwa na kujazwa gesi, rudisha.

La tatu ni dhamana. Soma imeandikwa nini juu ya mshtuko wa bunduki kubwa. Zipo dhamana zinazotaja kabisa kwamba ni kwa .22 na bunduki za upepo. Akikwambia "hii ni imara, inatumika hata kwenye bunduki ya upepo", usicheke haraka: bunduki ya upepo ya springi inatingisha pande mbili, nyuma kisha mbele, na imeshaua darubini nyingi. Lakini kasi na uzito wa teke la .458 ni habari nyingine. Taka neno la maandishi.

PETE NA VIKALIO, HAPO NDIPO WENGI HUANGUKA

Mtu anatoa kitita kwa darubini, halafu anaifunga kwa pete za bati alizookota sokoni. Wahenga walisema rahisi huvunja upishi. Ukiwa na shilingi kumi, weka saba kwenye darubini na tatu kwenye pete na vikalio. Tafuta za chuma, sio za aloi laini. Angalia pia kipenyo: bomba la darubini ni inchi 1 au milimita 30, na pete ya moja haiingii kwa nyingine.

Wenye CZ 550, au kaka yake wa zamani ZKK 602 kutoka Czechoslovakia ya enzi zile, mna bahati. Mgongo wa bunduki hizo umechongwa kiwandani, pete zinang'ata chuma chenyewe bila kikalio cha skrubu. Ruger M77 nayo imechongewa mahali pa pete zake. Wenye Winchester 70, Remington 700 na nyingine zinazohitaji kikalio, muulize fundi mwenye leseni kama anaweza kupanua matundu kutoka skrubu za kawaida, ambazo ni nyembamba, kwenda zile nene za namba 8. Kazi hiyo ni ndogo kwa mwenye mashine na ustadi. Kwa mwenye drili ya kutobolea mlango, usimpe.

Na kama bunduki yako ina vyuma vya kulengea juu ya mtutu, usiving'oe. Tafuta pete za kufungua kwa mkono, zile zenye kishikio kidogo. Darubini ikijaa matope au ikivunjika, unaing'oa papo hapo na kulenga kwa chuma kama babu zetu.

MSHIKO KIASI GANI?

Kwa bei za Marekani, darubini ya kuaminika ya aina hii inaanzia kwenye dola 250 hivi, kama vile Leupold VX-Freedom ya mara 1.5 mpaka 4. Burris, Bushnell na Vortex nao wana zao za ukuzaji mdogo, lakini kila moja ipime nafasi ya jicho kama tulivyosema, usinunue jina. Ukipanda kidogo kuna Meopta ya Jamhuri ya Czech. Huko juu kwa Zeiss na Swarovski tuwaachie wageni wanaokuja na ndege zao.

Darubini ya bei nafuu kwa mtu wa kawaida sio jambo jipya. W. R. Weaver wa Marekani alianza kuziuza mwaka 1930 akiwalenga hao hao wenye mfuko mwepesi, na mtindo wa vikalio wenye jina lake unatumika mpaka leo.

Jihadhari na kanyaboya. Leupold wenyewe wameshatoa tahadhari hadharani kuhusu darubini feki zenye jina lao. Ukiona ya dola 250 inauzwa dola 60 "kwa sababu ya shida tu", shida hiyo itakuwa yako. Omba namba ya kiwandani na uihakikishe kabla hujatoa hela. Ya mitumba itingishe sikioni; ukisikia kitu kinacheza ndani, rudisha kwa heshima. Mulika tochi ndani utafute ukungu. Angalia kama pete za zamani zimeacha mikwaruzo mirefu kwenye bomba, maana hiyo ni dalili ilikuwa inateleza. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

UKISHANUNUA

Safisha matundu na skrubu kwa spiriti mpaka mafuta yote yaishe. Skrubu za kikalio zitie gundi ya skrubu ile ya bluu, inayofunguka kwa bisibisi. Nyekundu usiiguse. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Pete nyingi zinataka Nyuton-mita 2 hivi, na wanaokaza kwa hasira ndio wanaoponda bomba.

Kisogeze darubini mbele kadiri inavyoruhusu. Halafu fumba macho, inua bunduki begani kama unavyofanya porini, fumbua. Picha nzima ipo? Sawa. Kama unalazimika kuchungulia mbele, irekebishe. Jaribu umesimama, umekaa na umelala, ukiwa umevaa koti lako la porini, na bunduki ikiwa haina risasi.

Sasa muombe mama watoto rangi yake ya kucha. Usishangae. Chora kamstari kamoja kutoka kwenye kichwa cha skrubu mpaka kwenye pete, na kengine kutoka kwenye pete mpaka kwenye bomba. Piga risasi zako ishirini kwenye uwanja wa shabaha, kwa siku mbili au tatu ili bega lipumzike. Kisha angalia. Mistari ikikatika, kuna kitu kimezunguka au kimeteleza. Isipokatika na risasi zinaangukia pale pale, umenunua darubini.

Jaribio la mwisho: zungusha vifundo hatua 20 juu, piga, 20 kulia, piga, 20 chini, piga, 20 kushoto, piga. Risasi ya mwisho ianguke pale ulipoanzia. Isipoanguka, dai dhamana yako kabla ya msimu, usingoje mbogo akuthibitishie.

ANAYELIPA NI NANI?

Katika msafara wa uwindaji, mnyama aliyejeruhiwa na kupotea huhesabiwa kama ameuawa, na ada yake unalipa. Hiyo ni hela tu. Mbogo akijeruhiwa, kuna mtu atakayetangulia mbele kichakani akiinamia damu na majani yaliyokanyagwa. Mara nyingi ni mfuata nyayo, mtu wa kijijini pale, na mara nyingi hana bunduki. Yeye hakwenda dukani na wewe. Hakukushauri uchukue ya mara 16. Ana watoto nyumbani.

Kwa hiyo ukisimama mbele ya kabati la muuzaji na moyo unakuvuta kwenye ile kubwa inayometa, mkumbuke mtu huyo. Chukua ile fupi, nyepesi, yenye nafasi ndefu ya jicho. Chenji inayobaki nunua pete za chuma na risasi za mazoezi.

Haya, tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda, na nyusi zenu zikiwa salama.